Luano: Askari mwenye uhai mmoja

LUBUMBASHI – Katika nyumba moja ya mtaa wa Luano, karibu na uwanja wa ndege, mwezi mzima wa Februari 2025 ulipita watu wakibishana juu ya askari mmoja wa mkuki. Askari huyo hakuwa mtu. Alikuwa picha ndogo ndani ya mashini, kama wengi wa hapa Lubumbashi wanavyoita kompyuta, na pembeni yake kulikuwa na kistari chembamba kinachoonyesha uhai aliobaki nao. Vijana wa mtaa wanasema tu «vie».

Aliyekuwa mbele ya mashini ni kijana wa miaka 19. Alimaliza sekondari mwaka uliotangulia, diploma anayo, kazi bado. Baba yuko Kolwezi na anarudi mwisho wa mwezi. Mama ni muuguzi katika kituo cha afya. Yaya wake anasoma historia kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Umeme ukiwepo usiku, kijana anacheza. Umeme ukikatika, anacheza mpaka betri izime.

Mchezo wenyewe unaitwa Battle for Wesnoth. Ulianzishwa mwaka 2003 na David White, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wanauendeleza kwa kujitolea. Ni wa bure, hauhitaji mtandao ukishawekwa, na si mzito kwa mashini ya zamani. Ndiyo sababu uliweza kufika Luano ndani ya fleshi, kutoka kwa mtu aliyesoma naye darasa moja, bila mtu kununua megabaiti hata moja.

Shida ilianza usiku wa kwanza. Kijana aliweka askari wake wa mkuki kwenye mstari, mbele ya mfalme wake. Kila mmoja alianza na uhai kama 36 hivi. Adui akapiga, mmoja akashuka hadi 5. Kijana akamrudisha nyuma haraka. Pengo likabaki pale alipotoka, adui akapita katika pengo, akamzunguka mfalme. Mchezo ukaisha. Usiku wa pili ilikuwa vilevile, na usiku wa tatu pia.

«Mashini inaniibia», alimwambia yaya wake.

Yaya akavuta kiti. «Kwa nini unamtoa?»

«Amebaki na tano. Hana nguvu tena.»

«Nani amekuambia hana nguvu?»

Namba moja, maana mbalimbali

Kosa la kijana lilikuwa na chanzo chake. Alikua akicheza Heroes of Might and Magic III, mchezo wa mwaka 1999 uliokuwa kwenye mashini ya kwanza ya yaya. Mule, unachokiona kwenye uwanja ni mtu mmoja aliyechorwa, lakini chini yake kuna namba: 10, 50, 200. Yule mmoja anasimama kwa niaba ya kundi zima. Chukua kundi la askari 10 wa mkuki, kila mmoja na uhai 10. Likipigwa pigo la 35, watatu wanakufa na wa nne anabaki na uhai 5. Sasa kundi lina watu 7, na linapiga kama watu 7. Kwa hiyo mule, kupungua kwa uhai ni kupungua kwa watu, na kupungua kwa watu ni kupungua kwa mapigo. Mtoto anajifunza haraka kwamba kundi lililokwisha kupigwa halina faida tena.

Katika Wesnoth mambo si hivyo. Askari ni mmoja, na namba yake haihesabu watu. Askari wa mkuki mwenye uhai 36 anapiga mara tatu, kila pigo 7. Askari huyohuyo akibaki na uhai 1, bado anapiga mara tatu, kila pigo 7. Namba inasema ataweza kuvumilia mapigo mangapi kabla ya kuanguka. Juu ya nguvu ya mkono wake haisemi chochote.

Yaya alimwonyesha kwa mfano. Adui mmoja alikuwa amebaki na uhai 6. Askari wa uhai 5 alikuwa jirani naye. «Mtume huyo», alisema. Kijana akasita, kisha akabonyeza. Pigo la kwanza likakosa, la pili likampata adui akaanguka. Mwenye uhai 5 akabaki amesimama na uhai wake 5.

«Lakini usimweke alinde mlango», yaya akaongeza. «Kupiga anaweza. Kupigwa hawezi.»

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Kijana alikuwa na wapanda farasi wenye uhai kamili, na aliwatuma mbio juu ya askari wa mkuki wa adui, kwa kuwa kistari chao kilikuwa kijani hadi juu. Wakafa kwa zamu moja. Hakujua kwamba mpanda farasi anaposhambulia kwa mbio, maumivu yanazidishwa mara mbili pande zote: anayoyatoa na anayoyapokea. Tena farasi ni dhaifu mbele ya vitu vyenye ncha. Kistari kijani hakikumwambia jambo hilo.

Kosa la tatu lilihusu sumu. Askari wake mmoja alitiwa sumu, akawa anapoteza uhai 8 kila zamu. Kijana akamkimbiza kijijini, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba anayeanza zamu akiwa kijijini anarudishiwa uhai 8. Zamu iliyofuata, namba haikupanda hata kidogo. Akagonga meza. Yaya akacheka: kijiji kinatoa sumu kwanza, na zamu ya baadaye ndiyo kinarudisha uhai. Kama ni mganga wa kiwango cha chini aliye pembeni, yeye anaizuia sumu isile uhai kwa zamu hiyo, lakini haitoi. Na mganga akikaa karibu na kijiji, msaada wao haujumlishwi. Kinachohesabiwa ni ule mkubwa. Kinachoongezeka juu yake ni uhai 2 wa kupumzika, kwa askari ambaye hakuondoka mahali pake wala kupigana.

Kuanzia hapo kijana alianza kushinda.

Namba ilitoka kwenye meli

Yaya, kwa kuwa ni mtu wa historia, alitaka kujua nani aliyeanza hesabu hii. Jibu alilopata linaeleza mengi. Desturi ya kumpa mpiganaji namba ya uhai ilienea na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja wa watungaji wake wawili, Dave Arneson, alieleza kwamba wazo hilo alilitoa kwenye kanuni za michezo ya vita vya meli.

Kwa meli hesabu hiyo inaeleweka. Chombo cha chuma kinaweza kupata tundu moja, mawili, matatu, na mizinga yake ikaendelea kulia, mpaka tundu la mwisho linapokizamisha. Kisha hesabu ya meli ikavalishwa watu. Miaka 50 baadaye, kijana wa Luano anamtazama mtu mwenye mkuki anayepigana kama meli: mzima, mzima, mzima, halafu hayupo.

Bahasha ya plastiki

Mama hakuwa akifuatilia michezo. Akirudi kutoka zamu ya usiku alikuwa anapita nyuma ya kiti na kwenda kulala. Kilichomfanya asimame ni kitu kingine.

Tarehe 27 Januari M23 waliingia Goma. Usiku wa tarehe 29, Rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa na kuwaita vijana wajiunge na jeshi kwa wingi. Katika mitaa mingi ya Lubumbashi vijana walianza kuzungumza jambo hilo, wengine kwa hasira, wengine kwa sababu hawana kazi, wengine kwa sababu zote mbili. Mama alipokuwa anafagia chumba cha watoto, aliona chini ya godoro bahasha ya plastiki. Ndani kulikuwa na fotokopi ya diploma, fotokopi ya kadi ya mpiga kura, na picha nne za pasipoti. Aliirudisha pale pale. Jioni hakusema kitu. Lakini tangu siku hiyo, akirudi kazini, alisimama nyuma ya kiti na kutazama.

«Huyu naye?» aliuliza usiku mmoja, akionyesha kidole.

«Iko na vie ine tu, Mama. Ninamupeleka mu kijiji.»

«Halafu?»

«Halafu anapona.»

«Anapona kwa muda gani?»

Kijana akahesabu. Kijiji kinarudisha 8 kila zamu. Kutoka 4 hadi 36 ni zamu nne. Mama akauliza zamu moja ni muda gani. Hapo yaya ndiye aliyejibu: katika Wesnoth siku nzima, mchana na usiku, ina zamu sita. Basi askari aliyekuwa karibu kufa alfajiri, usiku huohuo ni mzima kabisa.

Mama hakucheka. Aliketi kitandani, akavua viatu vya kazi. Alisema mfupa wa paja ukivunjika, mtu anahesabu miezi, tena kama kidonda hakikuoza. Alisema mtu mzima ana damu kama lita 5 tu, na mfuko mmoja wa damu unatoka kwa mtu mwingine, ambaye akishatoa anapaswa kungoja miezi mitatu hivi kabla ya kutoa tena. Alitaja Goma, ambako mwisho wa Januari hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake.

«Na mule mu kijiji chenu», aliuliza, «nani anamufunga kidonda?»

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kijiji katika mchezo ni nyumba chache zilizochorwa. Ukikikanyaga kinakuwa chako, kinakupa dhahabu, kinamponya askari wako. Hakina muuguzi wala kitanda.

Mistari miwili

Yaya alitaka kumtetea mdogo wake. Alisema kuna michezo inayohesabu vizuri zaidi. Kwa rafiki yake wa chuo amecheza Hearts of Iron IV, mchezo wa kampuni ya Paradox ya Sweden uliotoka mwaka 2016. Mule kila divisheni ina mistari miwili. Mmoja ni wa nguvu: watu na silaha vilivyobaki. Mwingine, wa kijani, ni wa mpangilio: uwezo wa kikosi kuendelea kupigana kama kikosi. Wageni wa mchezo huo wanachanganyikiwa sana, kwa sababu divisheni yenye watu karibu wote inaweza kushindwa na kurudi nyuma. Mstari wa mpangilio ukiisha, vita vimeisha kwa kikosi hicho, hata kama hakuna aliyekufa.

«Hiyo haiwezekani», kijana alisema. «Watu wote wazima, halafu wanashindwa?»

«Iliwezekana hapa hapa», yaya akajibu.

Akamweleza habari za Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Ilikuwa Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wakiwa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, na kwenye uwanja huu wa Luano. Kule Jadotville kulikuwa na kompania moja ya Waireland, watu kama 155, chini ya Kamanda Pat Quinlan. Tarehe 13 Septemba walishambuliwa na askari wa Katanga pamoja na mamluki, waliowazidi sana kwa idadi, na ndege ya Fouga Magister ikawapiga kutoka juu. Walichimba mahandaki, wakajibu, wakashikilia mahali pao.

Msaada ulitumwa kutoka Élisabethville mara mbili. Mara zote mbili ulizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Helikopta moja ilifaulu kufika na maji, lakini maji hayo yalikuwa yameharibiwa na mafuta yaliyokuwemo ndani ya vyombo. Tarehe 17 Septemba, risasi zikiwa zinaisha na maji hayapo, walijisalimisha. Hakuna Mwireland hata mmoja aliyekufa pale. Watano walijeruhiwa. Walishikwa, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba. Huko kwao walikaa miaka mingi wakitazamwa kama watu walioshindwa, mpaka mwaka 2016 Serikali ya Ireland ilipowapa heshima kama kikosi kizima.

«Sasa waweke katika mchezo wako», yaya alisema. «Uhai wao ni ngapi?»

Kijana alifikiri. «Karibu wote.»

«Na wamefanya nini?»

«Wamejisalimisha.»

«Basi ni namba gani iliyoshuka?»

Katika Wesnoth namba hiyo haipo. Mpiga upinde wa Wesnoth haishiwi mishale hata akipiga mchana kutwa. Hakuna anayekufa kiu. Hakuna daraja linalofungwa nyuma yako ukabaki bila chakula. Na hapa Luano watu wazima wanajua barabara ni nini: mwanzoni mwa Desemba 1961, askari wa Katanga waliweka vizuizi kati ya uwanja wa ndege na mji, na mapigano makubwa ya mwezi ule yalianzia hapo, juu ya barabara ileile ambayo leo mabasi madogo yanapita.

Jina lake

Usiku wa mwisho wa mabishano, umeme ulikuwepo. Kijana alikuwa katikati ya safari ndefu, ile ambayo vita kimoja kinafuata kingine na askari wazoefu wanaitwa tena. Kumwita askari mzoefu kunagharimu dhahabu 20, na anafika na uhai kamili, hata kama vita kilichopita alikimaliza na uhai 1. Kijana alikuwa naye askari mmoja wa mkuki aliyeanza naye tangu vita cha kwanza. Alikwisha kupanda cheo, na katika mchezo huu kupanda cheo kunarudisha uhai wote papo hapo.

Akamweka kwenye daraja. Adui wakaja watatu. Uhai ukashuka hadi 20, 11, 2, na pigo la mwisho likampata. Picha ikafifia, ikapotea.

«Mwite tena», Mama alisema.

«Huyu haitwi tena, Mama. Akikufa amekufa. Wale wazima tu njo wanaitwa.»

Mama aliinama karibu na mashini. Kabla ya askari kufifia, alikuwa ameona kitu pembeni, katika maandishi madogo.

«Alikuwa na jina?»

Kijana akafungua orodha ya askari wake kumwonyesha. Ni kweli. Katika Wesnoth askari kama huyu anapoandikishwa anapewa jina lake na mchezo wenyewe, pamoja na tabia zake mbili: mwingine ana akili, mwingine ana mbio, mwingine ni mgumu, mwingine ana nguvu. Mwezi mzima kijana alikuwa akisoma uhai, mapigo na dhahabu, na jina hakuwahi kulisoma. Sasa alitafuta jina la yule wa daraja. Katika orodha ya wanaoweza kuitwa halikuwemo.

Alifunga mashini kabla ya betri kuisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Baadaye, yaya akiwa amekwenda kuoga, Mama alisema jambo alilokuwa amelishika tangu siku ya kufagia. «Bahasha yako nimeiona, papa.»

Kijana akanyamaza.

«Sikukatazi. Nchi inaungua, na wewe ni mtu mzima. Lakini ukihesabu, hesabu vyote. Usihesabu kama mule.»

Hakujibu kama anaenda au anabaki. Ndege ya usiku ilishuka, vioo vya dirisha vikatetemeka kidogo kama kila siku. Ilipokwisha kupita, aliuliza swali ambalo Mama hakulitegemea.

«Mama, damu ikitoka mu paja, tunaizuia namna gani?»

Mama alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne. Akamwambia anyoshe mguu, akaweka kitambaa juu ya paja lake, akaichukua mikono yake yote miwili na kuiweka pale.

«Kandamiza», alisema. «Hapana hivyo. Kwa uzito wote. Na usiachie kutazama kama imekwisha. Ukiachia, unaanza upya.»

Kijana akakandamiza. Mama akatazama saa ya ukutani na kuanza kuhesabu dakika, na mpaka yaya alipotoka kuoga, walikuwa bado wameketi hivyo hivyo.